Fundi Pumzi na Njegere za Kunusa

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipotundika pampu yako msumarini, ukaketi kwenye kibao chako mlangoni mwa karakana, ukasema umechoka kidogo, na hukuinuka tena. Pampu bado iko msumarini. Kibao bado kiko mlangoni. Na kule nyuma ya nyumba, kwenye ukuta unaopata jua la asubuhi na kuepushwa la mchana, njegere zako zimechanua: nyeupe, za waridi, za zambarau, na zile nyekundu nzito ulizokuwa ukiziita "za hasira".

Tumeanza na habari hiyo kwa sababu tunakujua. Ungeuliza habari za njegere kwanza, kisha za Mama, kisha za baiskeli zilizobaki bila breki, na sisi wanao tungekuja mwisho kabisa, na hatungelalamika.

Wanaosoma hapa na hawakukujua, wajue kwamba ulikuwa fundi baiskeli, na mtaa ulikuita Fundi Pumzi. Jina hilo ulijipa mwenyewe kwa ubishi. Mtu akija na tairi limelala akasema, "Fundi, nitilie upepo," ulimkatiza papo hapo. "Upepo unapita, bwana. Mimi natia pumzi. Pumzi inakaa." Watoto wakalidaka. Wakawa wanakuja mbio na magurudumu yao madogo wakipiga kelele toka njiani, "Fundi Pumzi, imekata roho!" Nawe ukajibu, "Ileteni, tuifufue!"

Tunakukumbuka ulivyoinamisha sikio kwenye gurudumu linalozunguka, kama daktari kifuani mwa mgonjwa. Tunakukumbuka ulivyozungumza na nati iliyoshika kutu. Ulianza kwa kubembeleza, "Njoo, mwanangu, njoo, usiniaibishe mbele ya watu." Ikikataa ulibadilika: "Mkaidi wewe! Mkaidi kama mke wangu!" Na sauti ya Mama ikatoka ndani ya nyumba, "Nimesikia!" Nati ikalegea. Hatujui kama ililegea kwa spana yako au kwa sauti ya Mama, lakini ililegea. Tangu hapo jina la Mama nyumbani likawa Mkaidi, na mwenyewe alilivaa kama mkufu.

Sasa tuje kwenye njegere, maana kuna jambo tumekuwa tukilinyamazia miaka mingi kwa heshima yako, na leo tunalitoa hadharani.

Mteja mmoja, mama mwenye baiskeli ya kapu mbele, ndiye aliyekupa mbegu za kwanza, amezikunja kwenye kipande cha karatasi. Akakwambia, "Hizi ni njegere tamu, Fundi. Zipande, utanikumbuka." Neno hilo, "tamu", ndilo lililotuponza. Ulirudi ndani kifua mbele.

"Mkaidi, andaa sufuria. Tumepata njegere tamu."

"Tamu kuliko za sokoni?"

"Za sokoni ni za wagonjwa."

Ukazipanda ukutani. Ukasimamisha mti mrefu, juu yake ukafunga ringi bovu la baiskeli, kutoka kwenye ringi ukashusha kamba pande zote, na miche ikapanda kwa vikono vyake vyembamba. Jirani wa ng'ambo ya ukuta akauliza kama tumenunua antena ya kushika stesheni za nje. Ukamwambia asubiri, atakuja kuomba bakuli.

Maua yakatoka. Nyumba nzima ikanukia. Mama akasema, "Harufu nimeisikia, chakula kiko wapi?" Ukasema utamu hautaki haraka. Maganda yakatoka, yana vinyweleo. Mama akayachuma, akayamenya, akabandika maji jikoni. Maji yalikuwa yameshaanza kuchemka pale yule mama wa kapu alipopita kujazwa pumzi, akauliza njegere zimekuwaje, ukamjibu kwa fahari, "Ziko jikoni!"

Baiskeli ilimponyoka mkononi. "Jikoni? Msile! Hizo ni sumu! Utamu wake ni wa kunusa!"

Mama akatoka na mwiko. "Njegere gani isiyoliwa?"

"Ya kunusa," ukasema, umekunja mikono, kana kwamba wewe ndiye uliyemfundisha yule mama.

"Kwa hiyo leo tunanusa chakula cha mchana?"

Tangu siku ile, chakula kikichelewa nyumbani kwetu tunaulizana, "Leo tunanusa?" Wajukuu wanalisema bila kujua lilikotoka. Na wewe uliendelea kudai mpaka mwisho kwamba ulijua tangu mwanzo, kwamba ulitaka tu kumtania mkeo. Baba, tunakupenda, na tunaliandika mbele ya watu wote: hukujua.

Ila ulipoijua, uliijua kweli, na ulipokwisha kuijua hukukubali mtu aiite kwa dharau. Mbegu uliikwangua kwanza kwa msasa, msasa uleule wa kukwangulia tyubu kabla ya kubandika kiraka. "Hii ina ngozi ngumu kama tairi," ulisema, "usipoikwangua maji hayaingii, na maji yasipoingia utakaa ukingoja kama mchumba aliyeachwa." Mche ukifika urefu wa kiganja uliufinya kileleni, nasi tukikulaumu ukajibu, "Nikimkata kiburi kimoja, ataleta matawi manne." Shina ulilifunga kwa vipande vya tyubu kuukuu, kwa sababu mpira unanyumbuka na hauumizi.

Mama alikupigia kelele kila msimu. "Fundi, ukuta ule ungestawisha mboga."

"Panda upande wa pili."

"Upande wa pili ni kivuli."

"Basi panda uyoga."

Hivyo ndivyo mlivyoishi, na sisi tulilelewa katikati ya vicheko hivyo. Na kila asubuhi Mama alipoamka alikuta glasi ya maua dirishani pa jikoni. Hakuuliza ilifikaje. Wewe uliamka kabla yake, ulishaingia karakana, na glasi ilikuwa pale. Hilo lishikeni, wasomaji, kwa sababu ndilo lililotaka kutuharibia mwaka huu.

Ulipoondoka tulidhani Mama atang'oa kila kitu. Haki ilikuwa yake. Ameudai ukuta ule tangu hatujazaliwa baadhi yetu. Dada yetu muuguzi alimletea hata mbegu za mboga. Mama akazitazama, akazirudisha mkobani mwa dada.

"Njegere za baba yenu ziko wapi?"

Mbegu zilikuwa kwenye kopo la viraka, zimechanganyika na viraka. Mama akazichambua moja moja. Akachukua msasa wako. Akakwangua, akaloweka kwenye kikombe chako kilichovunjika mkono, akapanda, na miche ilipofika urefu wa kiganja akaifinya bila kuuliza mtu. Akafunga kwa tyubu. Sisi tukabaki midomo wazi. Mwanamke aliyekuwa akisema hana habari na maua ya Fundi, kumbe miaka yote alikuwa akitazama kwa pembe ya jicho!

Kisha Jirani wa Ukuta akasema neno. Alichungulia, akaona miche, akasikitika kwa kichwa. "Mwenzangu, usijichoshe. Bustani ya marehemu humfuata marehemu."

Mama hakumjibu yeye. Alitugeukia sisi, kwa sauti ya kutosha kuvuka ukuta. "Siku ya mwaka wa Fundi, ukuta huu utakuwa umefunikwa maua. Umefunikwa! Anayetaka kuona aje na miwani."

Hiyo ndiyo ahadi aliyokupa, Baba. Akaitoa kwa hasira, na tunaomjua tunajua kwamba Mama hatoi ahadi ya hasira akairudisha.

Maua ya kwanza yalipofunguka alisimama mbele yake na kanga begani, analia na kucheka kwa pamoja, kisha akatoa amri: hayaguswi. Akazungusha kamba. Dada muuguzi akaomba fungu moja la kupeleka wodini. "Wagonjwa wana dawa," Mama akasema. Mjukuu wako tunayemwita Kengele, kwa ile sauti yake, akanyoosha kidole tu, na kidole kikarudishwa. Jirani wa Ukuta alikuwa anamwoza binti yake. Akameza mate, akaja kwa mlango wa mbele, si kwa ukuta.

"Naomba mafungu mawili tu, mwenzangu. Ya meza."

"Sokoni maua yapo."

"Fundi hakuwa akininyima."

"Haya si maua, jirani," Mama akasema. "Haya ni mume wangu."

Jirani akaondoka bila kuaga, na kuanzia hapo salamu zikapitia kwa watoto.

Tukaona Mama ameshinda. Halafu mambo yakaanza kugeuka. Maua yakapungua. Yaliyokuja yalikuwa na vikonyo vifupi, mawili kwa kikonyo, pengine moja tu. Maganda yakajaa kila kamba. Majani ya chini yakawa manjano. Mama akaongeza maji, akaongeza samadi, akawa anaamka na kwenda kuyatazama hata kabla ya kunawa uso. Hayakusikia. Mwaka wako unakaribia, ukuta unakauka, na ng'ambo ya pili kuna mtu anasubiri na miwani.

Sisi tulicheka mwanzoni, tukamwambia ni maua tu, yatarudi msimu ujao. Mama hakucheka. Dada alimkuta jikoni ameegemea dirisha tupu, na Mama akamwambia bila kugeuka, "Anaondoka tena, mwanangu. Na mara hii yuko mikononi mwangu."

Baada ya hapo hakuna aliyetania.

Aliyetuokoa ni muuza maziwa. Alikuja na tairi limelala, na mwanao wa pili, anayeshika spana zako sasa, akamwekea kibao angoje. Mama alikuwa anapita na ndoo.

"Shikamoo, mama. Mbona siku hizi usukani wangu mtupu?"

"Marahaba. Mtupu kwa nini? Umeibiwa kengele?"

"Si kengele. Fungu langu. Fundi alikuwa akinifungia maua hapa kila asubuhi nikipita na maziwa. Mke wangu alizoea, mama, akawa ananipokea maua kwanza, mimi baadaye."

Mama akaweka ndoo chini. "Kila asubuhi?"

"Kila asubuhi. Si mimi peke yangu. Mwalimu wa chekechea lake, mlinzi wa benki lake, yule jirani yenu wa ukuta lake, analipokea juu kwa juu..."

"Na mimi nilikuwa napata glasi moja!"

Mikono ilikuwa kiunoni. Muuza maziwa akaona amechokoza nyuki. "Mama, wallahi sikuomba! Kuna siku nilikataa kabisa. Nikamwambia, Fundi, utayamaliza, utabaki na kamba. Akanicheka. Akashika ile pampu, akaisukuma, fyuu, fyuu, akaniambia, 'Unaona? Pampu isiyotoa haivuti. Ua hili ukiliacha shinani likawa ganda, shina linajua limeshazaa, kazi imekwisha, linalala. Ukilikata, shina linaona halijazaa bado, linaleta jingine. Chukua, bwana, unanisaidia.'"

Mwanao aliacha kuzungusha gurudumu. Na wewe, Baba, ulikuwa pale zaidi kuliko ulivyokuwa katika hotuba zote za msiba wako.

"Pampu isiyotoa haivuti," Mama akarudia polepole. Kisha akaangua kicheko ambacho hatukuwa tumekisikia nyumbani kwetu tangu uondoke. "Mshenzi huyu! Miaka yote hii ananiambia anaamka mapema kwa ajili ya kazi. Mkasi wake uko wapi?"

Ulikuwa palepale, chini ya pampu, ule wa kukatia tyubu.

Lakini kusema ni rahisi. Alipofika ukutani na mkasi mkononi, kicheko kilimwisha. Yamebaki maua machache, na kuyakata ni kuubakiza ukuta uchi huku siku yako ikija. Kama muuza maziwa amesahau neno moja, kama shina limeshachoka mno, basi ndiyo mwisho, kwa mkono wake mwenyewe. Alisimama hapo mpaka tukataka kumwambia aache. Akalishika ua moja, lile la hasira, akalinusa.

"Nisamehe, Fundi," akasema, akakata.

La pili akakata bila kuomba radhi. La tatu akashika kasi. Maua yakaenda kwenye ndoo, maganda yakaenda kwenye beseni, majani ya manjano yakaenda chini, na Mama anazungumza nayo kama ulivyozungumza na nati: "Njoo, mwanangu, njoo, usiniaibishe." Akaacha maganda ya shina moja tu, la pembeni, kwa ajili ya mbegu. Alipomaliza, ukuta ulikuwa kamba na kijani kitupu, na ringi lako juu kama taji la mfalme aliyefilisika.

Kichwa cha Jirani kikatokeza. Alisahau kwamba hawasemezani. "Mwenzangu! Umenyoa?"

"Nimenyoa."

"Kwa nini jamani?"

Mama akachukua fungu lote lililokuwa kwenye ndoo, akalipitisha juu ya ukuta, mahali palepale ulipokuwa ukilipitishia wewe. "Chukua. Harusi imepita, najua, na kosa ni langu. Weka mezani."

Jirani akalipokea kwa mikono miwili. Akanusa. Akanusa tena, akasema, "Kumbe mumeo ananukia vizuri hivi."

Walicheka mpaka wakaushika ule ukuta, mmoja huku, mwingine kule. Na tunadhani, Baba, kama kuna dua uliyohitaji mwaka huu, ilikuwa ile.

Siku zilizofuata ndizo zilizokuwa ngumu. Kijani tu. Mama akawa anapita ukutani akijifanya anaanika nguo, na nguo zenyewe ni kavu. Jirani naye akawa anapita upande wake akijifanya anatafuta kuku, na hafugi kuku. Ikawa hivyo kila siku. Mpaka asubuhi moja Kengele akapiga ile sauti yake iliyotuamsha sote: "Bibi! Vichwa! Zimetoa vichwa!"

Vilikuwa vichwa kweli, vitumba vidogo vya kijani, vimeinama kama watoto wanaoulizwa nani kavunja sahani. Kesho yake vingi zaidi. Mama akakata ya kwanza yalipofunguka, yakaja mengine. Akakata hayo, yakaja maradufu. Sasa anaamka kabla yetu sote. Nyumba inanukia toka mlangoni. Wodi ya dada ina fungu lake. Muuza maziwa amerudi kuwa wa pili nyumbani kwake, na anasema hajawahi kufurahi hivyo kushindwa na maua.

Leo ndiyo siku yako, na ahadi imetimia. Ukuta umefunikwa. Tunalisema kwa sauti, hatunong'oni: waliodhani bustani ya fundi baiskeli itazikwa naye, waje wapite kwetu, wapite taratibu, wavute pumzi. Jirani mwenyewe ameahidi kuja na miwani, kwa heshima yako.

Asubuhi ya leo Mama alishika mkasi wako mapema kuliko siku zote. Glasi ya kwanza akaiweka dirishani pa jikoni, ya kwake, kwa sababu amesema haki yake hataiacha tena. Kisha akatoka na ndoo mpaka karakanani. Yeyote atakayeleta baiskeli leo atajazwa pumzi, na atafungiwa fungu kwenye usukani. Asiye na baiskeli aje na mikono yake.

Ulikuwa na ubeti mmoja mfukoni kwa kila mteja, hata kama haukuwa na vina. Nasi tunakurudishia mmoja. Zilikuwa ziwe nyingi, lakini dada amesema huu unatosha:

*Uliyejaza pumzi, magurudumu ya watu,*
*Umetuachia kazi, si ya chuma wala kutu,*
*Kukata pasi machozi, tukagawia wenzetu,*
*Ua likatwapo leo, kesho humea matatu.*

Unakumbukwa na mkeo Mkaidi, mwenye ukuta sasa kwa haki zote. Na bintiyo muuguzi. Na mwanao mwenye spana. Na mwanao wa mwisho mwenye kalamu. Na wajukuu zako wote wakiongozwa na Kengele. Na Jirani wa Ukuta, aliyeomba atajwe pamoja na ndugu, naye Mama akasema atajwe. Na kila tairi mtaani ambalo bado lina pumzi yako.

Lala salama, Fundi. Chakula cha mchana leo kipo, hatunusi. Daima tutakukumbuka, mkasi mkononi.